Ahadi ni Deni, Lakini Hulipwa Lini?

Methali isemayo kwamba ahadi ni deni sote tunaijua. Tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, mwalimu akatupa alama zetu, tukasahau. Lakini kuna swali ambalo insha zetu hazikuuliza: deni hilo hulipwa lini? Mkopeshaji yeyote hapa sokoni atakuuliza siku ya kulipa kabla hajatoa shilingi mfukoni. Mwaka huu swali hili limenisumbua sana, na lililonisumbua ni kitu ambacho wengi wenu hamjapata kukiona, nacho ni kadi za wachezaji wa hoki.

Ninaposema hoki usifikirie ile ya uwanja wetu, ya vumbi na magongo ya kuazima. Nasema hoki ya barafuni, ambayo kwa watu wa Kanada ni kama kandanda kwetu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, na badala ya mpira wanapiga kisahani kigumu cha raba. Wala msidhani Wakenya hawamo. Vijana wa Kenya Ice Lions walijifunzia mchezo huo kwenye barafu iliyokuwa ndani ya hoteli ya Panari jijini Nairobi, na mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Ni kama wewe uitwe ukacheze na Messi!

Sasa turudi kwa kadi. Kampuni za huko huchapa kadi ndogo zenye picha za wachezaji, wakazifunga ndani ya pakiti. Mnunuzi hajui atapata nani. Mwaka 1990 kampuni moja ilichanganya katika pakiti zake za besiboli kadi 2,500 ambazo mchezaji Reggie Jackson alizitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Watu walizitafuta kama dhahabu, na baadaye sahihi za namna hiyo zikawa mvuto mkubwa wa biashara yote. Usicheke ukadhani ni mambo ya watoto. Mwaka 2021 kadi moja ya Wayne Gretzky iliyochapwa mwaka 1979, ambayo hata sahihi haina, iliuzwa kwa dola 3,750,000. Piga hesabu kwa shilingi uone kama kikokotoo chako kitatosha.

Shida ni kwamba kampuni hupanga siku ya kuuza pakiti mapema, na mchezaji naye ana ratiba yake. Ligi yao kubwa ina timu 32, na kila timu hucheza mechi zaidi ya 80 kwa msimu mmoja, ikisafiri huku na huku. Anatumiwa kadi, au vibandiko vya kutia sahihi ambavyo baadaye hubandikwa juu ya kadi. Anaambiwa azitie sahihi zote azirudishe. Zinakaa nyumbani kwake, labda chini ya kitanda. Siku ya kuuza inafika na kadi hazijarudi. Je, kampuni inangoja? Hapana. Inaweka ndani ya pakiti kadi nyingine yenye maandishi tu, kwamba mwenye kadi hii atapewa ile ya fulani yenye sahihi. Kuna sehemu ya kukwaruza kama zile kadi za simu. Unakwaruza, unapata namba, unaiandika kwenye mtandao wa kampuni, halafu unangoja. Ukikwaruza kadi ya simu, salio linaingia kabla hujafuta kucha. Hii nyingine watu wameingoja miezi, na wengine miaka.

Mtoto wa shangazi yangu anaishi Edmonton na ana miaka 17. Msimu wa baridi huzoa theluji kwenye milango ya majirani ili apate hela. Aliziweka hela hizo, akanunua boksi moja la kadi, na ndani akakuta kadi ya ahadi ya mchezaji chipukizi aliyekuwa akivuma sana wakati huo. Alitupigia simu kwetu ikiwa saa saba usiku, akipiga kelele mpaka mama akaamka akidhani kuna msiba. Alitaka akiipata ile kadi aiuze, aongezee kwenye nauli, aje kumwona nyanya ambaye mara ya mwisho walionana akiwa na miaka sita.

Huu ni mwezi wa ishirini na mbili. Kila akiwaandikia anajibiwa yale yale, kwamba wanamsubiri mchezaji na wanamshukuru kwa subira yake. Jamani, subira huvuta heri, lakini heri ya nani? Hela zake wamezikaa nazo tangu siku ile. Mchezaji mwenyewe aliumia goti, hachezi sana, na bei ya kadi zake imeshuka. Hata ikija kesho haitakuwa ile aliyoinunua. Hili ndilo watu wengi hawalioni. Wanasema, si ataipata tu? Kadi ya mchezaji ni kama nyanya za sokoni. Ukiletewa baada ya wiki mbili umeletewa kitu kingine. Huku kwetu nyanya naye anauliza kama mjukuu ameshapanda ndege. Mama anamwambia bado kidogo.

Najua wapo watakaonijibu, kwa sababu nimebishana na rafiki zangu wa kidato cha nne juu ya jambo hili. Mmoja alisema afadhali kungoja sahihi ya kweli kuliko kupewa ya uongo upesi. Hoja hii ina uzito. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI kule Marekani waliendesha msako ulioitwa Operation Bullpen, wakayanasa magenge yaliyokuwa yakighushi sahihi za wanamichezo na kuziuzia watu. Basi na mchezaji atie sahihi mwenyewe, hata akichelewa. Lakini hakuna aliyeilazimisha kampuni kuuza kabla sahihi haijapatikana. Mchezaji amechelewa? Mtoe kwenye pakiti za mwaka huu, umweke za mwaka ujao. Uuze kilicho mkononi. Kosa la mchezaji si deni la mtoto anayezoa theluji.

Mwingine akasema mafundi wetu wa nguo ni wale wale tu, na kila Krismasi ni njoo kesho, njoo kesho. Kweli kabisa. Lakini mama yangu fundi akimzungusha huenda kibandani, akaketi juu ya kile kistuli, akaagiza chai, na haondoki mpaka asikie cherehani ikilia. Nguo inashonwa siku hiyo hiyo. Binamu yangu atakaa kwenye kistuli gani? Anazungumza na anwani ya barua pepe.

Kinachoniudhi zaidi ni tarehe. Kadi ile ya ahadi ina tarehe. Imeandikwa wazi kwamba usipoingiza namba yako kabla ya siku fulani, umekosa. Yaani mnunuzi amewekewa siku ya mwisho na kampuni haina! Kisha ukichoka kungoja, baadhi ya kampuni hukupa kadi nyingine wanayoita ya thamani sawa. Aliyepima usawa huo ni yule yule mwenye deni. Kwetu Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Haifiki Edmonton, lakini ni kipimo kizuri. Mimi ningetaka kadi ya ahadi iwe na tarehe mbili, ya mnunuzi na ya kampuni. Ya kampuni ikipita, mnunuzi achague mwenyewe: aendelee kungoja, achukue badala, au arudishiwe pesa zake.

Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, hata jarida hili unalolisoma tulililipia muhula wa kwanza. Risiti yangu ninayo ndani ya kamusi. Ina jina langu, kiasi nilicholipa na mhuri wa chama, ila siku ya kuja kuchukua nakala haikuandikwa. Mhazini ni rafiki yangu na hatakasirika nikimwomba aongeze mstari mmoja kwenye risiti za mwaka ujao.