KABLA YA KURUDISHA MOTOKAA NYUMA

Zinenwapo ajali za magari, wengi hufikiri habari za mwendo wa kasi na mabasi yaliyopinduka. Leo twataka kunena juu ya ajali ya namna nyingine, itokeayo uani, motokaa ikienda mwendo wa mtu atembeaye, na mwenye usukani akiwa mara nyingi ni baba, mjomba au jirani wa mtoto.

Ndugu zetu wafanyakazi wa machimbo wanajua la kufanya. Katika migodi mingi mikubwa duniani desturi ni kuegesha gari kwa kulirudisha nyuma, ili likiondoka liondoke kwa mbele. Dereva hulizunguka kwa miguu kabla ya kupanda, kisha hupiga honi kabla ya kulitia mwendo. Lakini mtu yule yule akifika kwake Nyankumbu au Kahama, huiacha desturi hiyo mgodini pamoja na kofia yake ya kazi. Je, mtoto wake anastahili ulinzi mdogo kuliko mfanyakazi mwenzake?

Motokaa zetu zina usukani upande wa kulia, basi pembe ya nyuma ya kushoto iko mbali sana na jicho la dereva. Mtoto wa miaka miwili hafiki hata usawa wa kioo cha nyuma. Dereva aweza kutazama vioo vyote asimwone. Naye mtoto haogopi ngurumo ya motokaa ya baba yake. Huikimbilia.

Shinyanga kuna jambo jingine. Nchi hii ilikatwa miti mno, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI ili kuirudishia misitu na ngitili zake. Kazi ile ilizaa matunda, lakini penye masoko na maghala ya pamba kivuli bado ni haba, na saa za jua kali kivuli kilicho karibu huwa ni cha lori. Watoto huketi chini yake wakacheza, hata wakasinzia baina ya magurudumu. Utingo mwema huinama akachungulia kabla injini haijawashwa. (Utingo wa namna hiyo yafaa alipwe vizuri.)

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna kamera. Ni kweli, Marekani ilitunga sheria mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila motokaa ndogo mpya iuzwayo huko sharti iwe na kamera ya nyuma. Lakini nyingi za motokaa zetu zimetoka Japani zikiwa zimekwisha tumika, na kamera, kama ipo, hufunikwa na vumbi la Katoro.

Wala hatupendi ile tabia ya kumwuliza mama, "Mtoto alikuwa wapi?" Mwenye funguo ni dereva.

Katika nyumba za kupanga, ambamo jamaa nyingi hutumia ua mmoja, wenye nyumba na wapangaji na wapatane mahali pa kuegesha nje ya ua, kama nafasi ipo. Kama haipo, dereva arudipo jioni asimame kwanza langoni, azime redio, ashuke, awakabidhi watoto kwa mtu mzima na kuwahesabu, ndipo aingize motokaa kinyumenyume, polepole. Ili alfajiri, macho yakiwa bado na usingizi, atoke akitazama mbele.