NG'OMBE KATIKA NCHI YA MBUNG'O

Wako watu wanaoamini kwamba nchi ya Handeni na Korogwe haikuumbwa kwa ajili ya ng'ombe. Historia yawakanusha. Kabla ya utawala wa Wajerumani, Wazigua walifuga ng'ombe papo hapo palipo na mbung'o. Walilima, walichoma pori kwa wakati wake, na wakakaa kwa namna iliyomweka mdudu huyo mbali na mazizi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua mifugo, na njaa ikaua watu na kuwatawanya. Mashamba yakageuka pori, na mbung'o akaingia palipotoka binadamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilijaribu njia nyingine. Mashambani mwake walikuwamo wafanyakazi wengi, nao walihitaji nyama. Basi mashariki ya Handeni, pwani ya kusini mwa Pangani, ikaanzisha shamba la ng'ombe la Mkwaja, lenye eneo la kilomita za mraba 462. Maelfu ya ng'ombe walifugwa humo, wengi wao wa damu ya Borana. Hawakuishi kwa majani peke yake bali kwa sindano pia, maana bila dawa ya kinga ugonjwa wa nagana ungaliwamaliza. Mwaka 1989 walianza kuogeshwa kwa dawa ya deltamethrin, na mbung'o wakapungua sana.

Hata hivyo, adui wa pili alikuwa amekwisha kuota ardhini. Ng'ombe wengi wakila majani, moto wa nyika hukosa nguvu ya kuua miche ya miti ya miiba. Migunga ikaenea malishoni. Ikakatwa, ikachipua tena. Mwaka 2000 shamba likafungwa, na mwaka 2005 ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Hatuwacheki waanzilishi wale. Walithibitisha kwamba kwa dawa na uangalizi ng'ombe waweza kuzaa na kunenepa katika nchi ya mbung'o. Lakini dawa humlinda ng'ombe, haiyalindi malisho. Wazigua wa zamani, wasiokuwa na sindano wala josho, walijua jambo ambalo mtaji mkubwa haukuliweza kwa miaka zaidi ya 40: kwamba mfugo, moto, jembe na makazi ya watu ni kazi moja.

Somo hili linatuhusu leo. Wilayani Handeni iko ranchi ya Mzeri, mali ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, na wafugaji wenye makundi yao wanaishi bega kwa bega na wakulima. Kila panapozungumzwa mpango wa kupanua ufugaji, husikika kwanza habari za mitamba, majosho na masoko. Hayo ni ya lazima. Lakini hatuna budi kuuliza pia: ng'ombe wangapi kwa malisho yapi? Nani atachoma pori, na lini? Nani atang'oa miiba ingali michanga?

Maswali hayo yasiachiwe mabwana mifugo peke yao. Kamati za vijiji, wafugaji na wakulima wakae pamoja wayajibu kabla ya ng'ombe wa kwanza kuingia malishoni. Ardhi ikichoka, anayeumia kwanza ni mtu wa kijijini asiye na pa kuhamia.