Udhia Uliohamishwa Haukuondolewa

Ndugu zetu wakaao majumba ya ghorofa hapa Mombasa wana neno wanalolikariri kila waambiwapo watenge taka zao: "Mimi nalipa kila mwezi. Kazi ya kuzipambanua ni ya mchukuzi." Neno hili twalipinga.

Mchukuzi hulipwa kubeba. Hakulipwa kutia mkono gizani ndani ya mfuko asioujua, mara matumbo ya samaki, mara chupa iliyovunjika, mara sindano ya mgonjwa wa sukari. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi aliyeutoa udhia jikoni mwake akauweka kwenye ngazi ya watu wote, au kiganjani mwa maskini, ameondoa nini? Ameuhamisha. Na mji mzima umefanya vivyo hivyo: jaa la Kibarani lilipofungwa, baada ya miaka mingi ya kumwaga uchafu katika mkono wa bahari, taka zetu zikaelekezwa Mwakirunge. Kwani Mwakirunge hakuna watu?

Wengine husema, na hawa wana hoja: "Hata tukitenga, lori lazichanganya." Hutokea, nasi twalilaumu. Lakini sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 yataka vyenye kuoza vitengwe na visivyooza, na kosa la mwenye lori si ruhusa kwako. Tena kilichotengwa hakina haja ya kungoja lori. Chupa za plastiki, makopo na karatasi kavu zina wanunuzi wake, wanunuao kwa uzani. Karatasi iliyolowa mchuzi haina mnunuzi. Ilikuwa mali, nawe umeifanya uchafu kwa mkono wako. Huko Lamu mafundi waliunda jahazi dogo, Flipflopi, kwa plastiki na champali kuukuu, nalo mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Taka hizo hizo!

Jirani yetu mmoja adai haya ni mambo ya Kizungu. Subhana Llah! Machicha ya nazi ya bibi yake yalikwenda kwa kuku, kifuu kikawa kata ya maji au kuni, makumbi yakasokotwa kamba. Kikongwe yule alitenga vitu vitatu katika nazi moja, na mjukuu wake ashindwa na ndoo mbili.

Ndoo mbili zatosha: ya vyenye kuoza iwe na kifuniko, na ya vikavu. Sindano na vigae vitiwe katika kopo gumu peke yake.

Jengo letu lina nyumba nane. Tano zimekubali tangu Ramadhani iliyopita, na fedha za chupa zimenunua taa ya ngazi iliyokuwa giza muda mrefu. Tatu zimekataa. Hao nao kila usiku hupanda kwa taa ile ile, na mifuko yao iliyochanganyika waiacha chini yake.