Kelele Inayojizaa Yenyewe

Bila shaka umewahi kuwa katika harusi au harambee ambapo msemaji alikaribia spika akiwa ameshika maikrofoni, na ghafla mlio mkali ukawafanya wageni kuziba masikio. Hakuna aliyepiga kelele. Sauti ndogo iliingia katika maikrofoni, ikatoka kwa spika ikiwa kubwa zaidi, ikairudia maikrofoni, na mchezo ukaendelea hivyo.

Je, wajua kwamba injini za ndege nazo hupatwa na balaa hilo?

Hewa moto inapochomoka katika injini kwa kasi kuliko sauti, hujipanga kwa mawimbi ya mshtuko yanayofuatana kama shanga katika uzi. Kandokando yake huzuka mizunguko midogo ya hewa ambayo hukua ikienda nyuma. Mizunguko hiyo ikizigonga "shanga" hizo, sauti hutoka. Sehemu ya sauti hiyo hurudi mbele kupitia hewa ya nje mpaka kwenye mdomo wa injini, na hapo huamsha mizunguko mingine. Kwa kuwa safari hiyo hujirudia kwa muda ule ule, mlio mmoja hushinda yote mingine, mithili ya filimbi. Mwanasayansi Alan Powell wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1953.

Usidhani ni udhia wa masikio tu. Chukua waya uukunje na kuukunjua mara nyingi, mwishowe utakatika. Mlio huo nao hutikisa bati mamia ya mara kwa sekunde. Katika miaka ya 1960 ulileta madhara madogo kwenye mwili wa ndege aina ya VC10, jamii ya zile Super VC10 ambazo East African Airways ilianza kuzitumia mwaka 1966. Ndege yenyewe haikuipita sauti. Hewa iliyotoka kwenye injini ndiyo iliyoipita.

Dawa ni kuvunja mzunguko. Vibati vidogo vikitiwa kwenye mdomo wa injini huvuruga mpangilio huo na mlio hufifia, ingawa nguvu ya injini hupungua kidogo.

Basi siku maikrofoni itakapolia harusini, usimkemee kijana wa mitambo. Mwombe msemaji asogee mbali na spika.