Kupima mashofere: kazi ianzie parkingi, si kwenye bariyeri

Kamio inayotoka Kisangani kwa barabara ya taifa nambari 4 hubeba zaidi ya mizigo iliyoandikwa kwenye karatasi. Juu ya magunia hukaa watu: mama wachuuzi, wanafunzi wanaorudi kwao, wagonjwa wanaokwenda kutafuta matunzo. Mbele yao kuna kilometa karibu 260 hadi Bafwasende, kisha Nia-Nia, Mambasa na Komanda, ambapo njia inagawanyika kwenda Bunia au Beni. Wote wameweka maisha yao katika mikono ya mtu mmoja, na hakuna aliyemuuliza usiku alikunywa nini.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kuelezwa gari moja kubwa inaweza kufanya nini. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, gari la mafuta lilipinduka Sange, katika Kivu ya Kusini, likawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Sange haitajwi hapa kwa sababu ya pombe. Inatajwa kwa sababu inaonyesha kwamba shofere wa gari kubwa hachezi na maisha yake peke yake.

Sheria ya barabara ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978 tayari inakataza kuendesha gari ukiwa umelewa. Lakini sheria inayongoja kumuona shofere akiyumba inamkamata tu yule aliyekwisha kushindwa kusimama. Wengi wenye hatari hawayumbi. Wanapanda kwenye kiti wakiwa wamesimama wima, wameoga, wamekunywa kahawa.

Hesabu ni rahisi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5 ya pombe, ina karibu gramu 28 za pombe yenyewe. Mwili wa mwanaume wa kilo 70 huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Shofere aliyekunywa chupa 4 kati ya saa 2 na saa 6 usiku ameingiza zaidi ya gramu 110. Akiwasha moto saa 11 alfajiri, bado ana pombe mwilini, hata kama amelala. Na hiyo ni bia, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Lotoko haina maandishi.

Mashofere nao wana la kusema, na lisikilizwe. Mvua ikinyesha, kamio inaweza kukwama kwenye matope siku nyingi. Tajiri anapiga simu: bidhaa ziko wapi? Anayelipwa kwa safari hapati kitu akiwa amelala. Ndiyo maana wengine wanatafuta bangi au tramadol ili kuvumilia usingizi na maumivu ya mgongo. Kumpima mtu huyo bila kugusa ratiba anayopewa ni kutibu homa na kuacha malaria.

Tena mashofere wana hofu nyingine, kubwa zaidi. Njiani wanalipa kwenye bariyeri za halali na zisizo za halali. Mashine ya kupima pumzi ikiwekwa mikononi mwa askari ambaye mshahara wake haumtoshi, itakuwa bariyeri nyingine. Aliyekunywa atalipa apite, na ambaye hakunywa atalipa pia ili asicheleweshwe. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo inayoonyesha kazi hii ifanywe vipi.

Marekani ilijifunza kwa damu. Tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1987, treni mbili ziligongana huko Chase, Maryland, watu 16 wakafa, na ikagunduliwa kwamba dereva wa moja alikuwa amevuta bangi. Mwaka 1991 likapitishwa sheria ya kupima wafanyakazi wa usafiri, wakiwemo mashofere wa kamio. Leo kila kampuni ya kamio inapaswa kupima bila kutoa taarifa: kwa mwaka, idadi ya vipimo vya pombe isipungue asilimia 10 ya mashofere wake, na vya dawa za kulevya asilimia 50. Majina yanatoka kwa kura, kama tombola. Tajiri hachagui, na askari hachagui. Aliyetoka mwezi huu anaweza kutoka tena mwezi ujao. Anayekataa anahesabiwa kama aliyeshindwa. Na mtu mwenye gari moja analoendesha mwenyewe analazimika kuingia katika kundi la wenzake, maana hawezi kujipigia kura peke yake.

Jambo hilo la mwisho linaifaa Kisangani, ambako kamio nyingi ni za mfanyabiashara mmoja mmoja. FEC, chama cha wenye biashara, na ACCO, chama cha mashofere, wanaweza kuweka orodha moja ya mashofere wanaotoka kwa barabara za Ituri, Lubutu na Buta. Kura ipigwe asubuhi ileile mbele ya wote, pale parkingi, kabla gari halijaondoka. Kipimo kifanywe na muuguzi, si na askari.

Kipimo chenyewe kiwe cha haki. Mashine ya pumzi inaonyesha pombe tu. Bangi na tramadol zinatafutwa katika mkojo au mate. Mashine ikionyesha pombe, shofere angoje dakika 15, kisha apulize tena, maana kinywa kilichotoka kunywa kinaweza kudanganya. Mkojo unaweza kuonyesha bangi iliyovutwa siku nyingi zilizopita, na tramadol inaweza kuwa imeandikwa na daktari. Kwa hiyo tokeo la kwanza lisimfukuze mtu kazi kabla ya maabara kulithibitisha na daktari kumsikiliza.

Serikali ya jimbo nayo iweke utaratibu huo kwenye maandishi. Kenya ilianza kutumia mashine hizo barabarani kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2013, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba kanuni zake hazikukaa sawa na sheria. Mashine bila msingi wa sheria huishia mahakamani, au mfukoni mwa mtu.

Na tajiri asijifiche. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtwika mwajiri usalama wa mfanyakazi wake. Jina la shofere likitoka na pombe ikaonekana, gari litoke na shofere mwingine au lilale. Tajiri anayeamuru liondoke hivyohivyo, adhabu iwe yake kwanza. Shofere aliyeshindwa mara ya kwanza asimamishwe, atibiwe, arudi baada ya kupimwa tena. Mtu anayejua kwamba kosa moja litamnyima mkate wa watoto atatafuta njia ya kuficha, si njia ya kuacha.

Orodha, kura, muuguzi na mashine moja: hayo hayahitaji kungoja Kinshasa. Mama aliyelipia nafasi juu ya magunia hawezi kumuomba shofere apulize. Wenye magari wanaweza, tena leo, kabla kamio ya kesho haijapakia.