Saa Ikimeta, Jiko Halijafa



Wiki iliyopita tulikuwa Tena, mtaa wa Eastlands ulio jirani na Umoja na Donholm huko Nairobi, nyumbani kwa dada yetu mmoja aliyetoka Pwani. Dada huyu huoka mikate ya sinia na ya mayai akawauzia majirani, na kwa mapato hayo hulipa karo ya mwanawe. Tulimkuta ameinamisha kichwa. Tangu umeme ukatike usiku wa juzi yake, oveni haikupata moto. Fundi aliyeitwa alilitazama jiko kwa muda mfupi, akasema bodi ya ndani imeungua na nyingine itapatikana kwa shilingi elfu tisa. Pesa zilikwisha kuhesabiwa, nazo zilikuwa ni zile zile za karo.

Tukamuuliza, "Dada, fundi alikuonyesha palipoungua?"

Akajibu, "La. Niliona haya kumuuliza."

Tulipoingia jikoni, tuliona sufuri tatu zikimeta katika kidirisha cha saa, na kando yake neno AUTO. Tulivibonyeza vitufe viwili vya katikati kwa pamoja, tukavishikilia kidogo. Alama ya mkono ikatokea, na baada ya dakika chache oveni ilikuwa moto. Dada hakusema neno. Alizirudisha pesa katika bahasha.

Yafaa tueleze sababu yake. Katika majiko mengi ya kisasa saa si pambo. Umeme unaokwenda kwenye oveni hupitia swichi ndogo inayoamrishwa na saa hiyo. Umeme ukikatika, saa husahau wakati. Ukirudi, huizuilia oveni moto mpaka irekebishwe, au iambiwe kwamba mpishi atasimamia mwenyewe. Meko ya gesi hayapiti hapo, kwa hiyo huendelea kuwaka, na mwenye jiko hudhani kuwa oveni ndiyo iliyoharibika. Nasi tumezoea giza la ghafla: Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Basi jambo hili kila nyumba yenye jiko la namna hii hulihitaji.

Oveni ikigoma, tufuate utaratibu huu. Kwanza, tutazame kidirisha. Saa ikimeta, irekebishwe au irudishwe kwenye alama ya mkono. Vitufe hutofautiana, na kijitabu cha jiko hueleza. Ikionekana alama ya ufunguo au kufuli, huenda mtoto amefunga vitufe. Mara nyingi kitufe chenye alama hiyo hushikiliwa sekunde chache kikafunguka.

Pili, jiko likilia mfululizo na kuonyesha herufi F au E pamoja na namba, tuiandike namba hiyo kabla ya kuzima. Kisha tuzime kwenye swichi ya ukutani, tungoje dakika kadhaa, tuwashe tena. Mvuke na mafuta vikipenya nyuma ya vitufe huweza kulifanya jiko lidhani kuna kidole kinachobonyeza. Pakikauka, hitilafu huweza kuondoka. Namba ikirudi, tumpe fundi, kwa maana humwelekeza mahali pa kupima. Pengine kasoro iko kwenye kile kijiti chembamba kilicho ndani ya oveni, kinachopima joto, na bodi ni nzima.

Tatu, tujue mpaka wetu. Plagi ikiwa imebabuka, pakitoka harufu ya kuungua, au swichi kuu ikijizima kila oveni inapowashwa, tusijaribu tena. Mfuniko wa nyuma asiufungue asiye fundi. Pakinuka gesi, tufunge mtungi, tufungue madirisha, wala tusiguse swichi yoyote. Tena jiko tusilichomeke kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kwani vingi ni vya mzigo mdogo. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100, na oveni ikiwaka pamoja na meko ya umeme huweza kuzidi hapo.

Hatusemi kwamba fundi yule alikusudia kudhulumu; huenda hakujua. Lakini fundi mwaminifu hupima kwa mita kabla ya kutaja bei, huonyesha palipoungua, na huacha kifaa kibovu mikononi mwa mwenye jiko. Kumuuliza, "Umepima nini, na umeona nini?" si utovu wa adabu. Mali ya nyumba ni amana, na mwenye kuitunza ana haki ya kuuliza.

Jioni ile tulikula mkate wa mayai uliotoka oveni ile ile, pamoja na chai ya tangawizi.

Wabillahi tawfiq.