Vimemo Havifundishi Sheria

Kila mwaka, majira ya mafunzo kwa vitendo yanapokaribia, ofisi za Serikali, mashirika ya umma na hata vyumba vya walimu hugeuka kuwa viwanda vya kutengeneza vikaratasi. Vikaratasi hivyo havina nembo wala nambari ya kumbukumbu. Vina mistari miwili au mitatu tu: "Ndugu, huyu ni kijana wetu. Tafadhali mwone." Zamani vilikunjwa vikatiwa katika mfuko wa shati; siku hizi hupelekwa kwa simu. Jina lake halikubadilika. Ni kimemo.

Vimemo ni vya aina nyingi, na ukurasa huu hautoshi kuvitaja vyote. Leo nakisema kimoja, kile kinachompeleka mwanafunzi wa sheria katika ofisi ya mawakili wa kujitegemea. (Jina zuri hilo la kujitegemea, lingemfaa pia mwanafunzi anayewaendea.) Nimekichagua hicho kwa sababu moja. Kijana huyo anakwenda kujifunza kazi ya kutetea haki za watu, na anaianza kazi hiyo kwa kumpokonya mwenzake haki yake. Na wanaomsaidia kufanya hivyo si mabepari kutoka ng'ambo. Ni sisi wenyewe: maofisa, walimu, watumishi wa mashirika na waandishi wa magazeti. Mimi nimo, na nitalisema hilo mahali pake.

Tumchukue kijana wa mkulima kutoka Kibondo au Nachingwea. Amefaulu, amefika Chuo Kikuu, amekaa darasa moja na mtoto wa mkurugenzi na pengine amempita kwa alama. Likizo ya mafunzo imewadia. Anapewa barua ya utambulisho ya chuo, anaitoa nakala kumi, anapanda basi asubuhi, anatembea jua kali Posta na Kivukoni akipanda na kushuka ngazi za ofisi za mawakili. Kila mlango anakutana na mpokezi mwenye adabu anayemwambia kwamba nafasi zimejaa. Zimejaa lini? Barua za vyuo zimetoka juzi! Zilijaa tangu mwezi uliopita, mezani, kwa simu, katika kikao cha harusi. Kijana wa Kibondo hakushindwa katika mashindano, maana mashindano hayakuwapo.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, kwamba wiki nane za mafunzo hazimtengenezi mtu wala hazimharibu. La hasha! Katika kazi ya uwakili, mahali ulipofanyia mafunzo ndipo unapojulikana, na unapojulikana ndipo unaporudi baadaye kuomba kazi. Uingereza ya zamani haikuficha jambo hilo: mzazi aliyetaka mwanawe ajifunze uwakili kwa wakili mwenye ofisi alilipa fedha ili apokelewe, na asiyekuwa na fedha mtoto wake alitafuta kazi nyingine. Sisi hatulipi fedha. Tunalipa kwa cheo, na kwa fadhila zitakazodaiwa siku nyingine ofisini.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanasheria Waafrika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndiyo maana Chuo Kikuu kilipofunguliwa Oktoba mwaka huo, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wake wachache hawakuwa na jengo. Walisomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama cha wakulima na wafanyakazi kiliwapa paa wanasheria wa kwanza wa nchi hii kabla Mlima wa Ubungo haujajengwa. Hakuna aliyetazamia kwamba wajukuu wa wakulima wale wangekuja kuambiwa na wapokezi kwamba nafasi zimejaa.

Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani wapatao mia nne. Siku hiyo hiyo aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini, maana aliona kwamba vijana wale walikuwa wameiga tamaa ya wakubwa. Miaka minane baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma likataka kijana amalize sekondari, akafanye kazi kwanza, kisha ndipo aombe Chuo Kikuu kwa ridhaa ya mahali pa kazi. Utaratibu huo ulilegezwa miaka iliyofuata, na wapo wanaosema kwamba hata ridhaa zile ziliweza kupatikana kwa kujuana. Sibishi. Lakini shabaha yake ilikuwa sahihi: kazi ilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu, si pambo lake.

Leo tunayo Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Jina lake lenyewe linataja vitendo. Mwezi Oktoba 2022 Taifa lilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani ya Taasisi hiyo, waliofaulu bila kurudia walikuwa 26 tu. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ulikuwa mkali. Wengine waliwalaumu watungaji wa mitihani, wengine vyuo vinavyopokea kila anayebisha hodi, wengine uvivu wa vijana. Wachache sana waliuliza swali la kawaida kabisa: vijana hawa, walipokuwa katika mafunzo ya vitendo tangu mwaka wa kwanza wa chuo, walikuwa wakifanya nini?

Nitajibu kwa niaba ya wale wa vimemo. Walikuwa wakikaa. Mwenye ofisi aliyempokea mtoto wa mkubwa hawezi kumtuma masjala akapange foleni, wala hawezi kumkaripia akikosea tarehe. Anampa kiti, kiyoyozi na magazeti. Mwisho wa muda anamjazia fomu ya chuo kwa sifa zote, kwa maana anazimwandikia baba. Hivyo kimemo kinawadhulumu vijana wawili kwa mpigo mmoja: aliyenyimwa nafasi, na aliyepewa.

Basi nina maneno kwa mwanafunzi mwenyewe, yule ambaye hana wa kumwandikia, na yule ambaye anaye lakini ana haya.

Andika barua yako mwenyewe. Nimeziona barua hizi; nyingi zimenakiliwa kutoka kiolezo kimoja cha Kiingereza, na mwandikaji hajabadilisha hata sifa alizojipa. Mwombaji anajieleza kuwa mtu wa bidii, wa kujituma, wa kushirikiana, wala hasemi amesoma somo gani, amewahi kukaa mahakamani siku ngapi, wala kwa nini anaiomba ofisi hiyo na si ya jirani. Sema mambo hayo kwa ukurasa mmoja. Tena iandike kwa Kiswahili safi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Ofisi zenye akili zinatafuta kijana awezaye kuandika hati ya madai ambayo mdai mwenyewe akisomewa anaielewa. Vijana wengi wa shahada hawawezi. Hiyo ni kasumba, na inaanza katika barua ya maombi.

Pili, acha kuabudu maghorofa. Wanafunzi wanasongamana katika ofisi ishirini za katikati ya Dar es Salaam kana kwamba sheria haifiki Morogoro. Yako Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya. Ziko mahakama za wilaya na za mwanzo. Iko Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa mwaka 2018. Wako mawakili wa mikoani wanaofanya kazi peke yao na karani mmoja, ambao wangempokea msaidizi kwa mikono miwili. Kuna vituo vya msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya mwaka 2017. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, kilikwisha kuwa na kamati ya kuwasaidia wananchi kisheria.

Ukipata nafasi, nenda masjala. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo wasilolipenda. Mwanafunzi wa sheria anadhani heshima yake ipo mbele ya jaji. Kumbe mashauri mengi hufia masjala kabla jaji hajayaona. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mdai miaka 12 kwa ardhi, 6 kwa mkataba, 3 kwa madhara. Ikipita hata siku moja, haki yake inabaki ya kusimuliwa. Aliyepokea wito wa madai katika mahakama ya wilaya ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake. Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya mwanzo ana siku 30. Ni wakulima wangapi waliokaa siku hizo 30 wakisubiri nakala ya hukumu, kwa kudhani kwamba hesabu haianzi mpaka karatasi iwe mkononi? Keti na karani. Mwulize jalada linafunguliwaje, ada inahesabiwaje, nyaraka zinaingizwaje mtandaoni tangu kanuni za mwaka 2018, shauri la kutajwa lina tofauti gani na la kusikilizwa. Karani huyo pengine aliishia kidato cha nne. Msalimie kwa heshima. Anajua mengi ambayo profesa wako ameyasahau.

Utaona pia mambo mabaya. Utaona hati ya kiapo ikigongwa muhuri na mwapaji yuko Songea, hajaonekana ofisini tangu Jumatatu. Viapo vingi vimetupwa na mahakama kwa sababu tu mahali au tarehe ya kuapa havikuandikwa. Sembuse kile ambacho hakikuapwa kabisa! Usiandike jina lako hapo, usishuhudie, na usijifunze. Ukiambiwa utie sahihi mahali pa wakili, kataa kwa adabu. Na siri za mteja usizitoe nje ya mlango, si kwa rafiki wa bwenini, si katika simu yako. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamfunga wakili kwa siri za mteja wake, na inawafunga makarani wake vilevile. Wewe mwanafunzi usijione uko nje ya kamba hiyo.

Wenye ofisi nao hawawezi kuachwa wapite kimya. Mwanafunzi halipwi mshahara, na hilo linaeleweka, kwa kuwa anafundishwa. Lakini pale anapofundishwa kununua vitumbua na kupanga foleni benki, mafunzo yako wapi? Zaidi ya hayo, iko tabia ya kumpa kijana kazi ya kuandaa nyaraka usiku kucha, mteja akalipishwa ada kamili ya wakili, na kijana akarudi Mbagala kwa nauli aliyokopa. Bodi ya Mikopo huwapa baadhi yao fedha za mafunzo. Wasio na mkopo hutegemea mama anayeuza mbogamboga. Huo ni unyonyaji, hata kama unafanywa na mtu msomi aliyevaa tai. Nauli na chakula cha mchana haviwezi kuifilisi ofisi yenye jina mlangoni. Na nafasi zitangazwe. Ubao wa matangazo wa chuo haulipishwi.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka juzi alikuja kwangu mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi. Niliamkia kwa heshima zote, maana bila chaki yake nisingekuwa na kalamu hii. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unafahamiana na watu. Kijana wangu wa kwanza amekosa pa kufanyia mafunzo." Kumkatalia mwalimu wako ni jambo gumu kuliko kuandika makala kama haya. Niliandika. Kijana alipokewa siku ileile, katika ofisi ambayo wiki moja kabla iliwaambia wengine kwamba imejaa. Alipomaliza nikamwuliza amejifunza nini. Alifikiri sana, kisha akanitajia jina la mwenye ofisi na aina ya gari lake. Jalada hata moja hakuwa amelifungua.

Naambiwa kwamba mwalimu hana kosa, kwamba mzazi yeyote humhangaikia mwanawe. Nakubali kwamba ana uchungu wa mzazi. Lakini mwalimu huyohuyo, darasani, alitucharaza tulipoibiana majibu, na alikuwa na haki. Ofisa anayekataa rushwa ya shilingi elfu kumi kaunta, kisha akampigia simu wakili anayesubiri kibali mezani pake ili ampokee binti yake, anadhani mikono yake ni safi kwa sababu hakushika noti.

Mwaka huu mwalimu wangu amerudi. Safari hii ni kwa ajili ya mdogo wa yule kijana, naye pia anasoma sheria. Nilimpa binti karatasi nyeupe na kalamu, nikamwonyesha ilipo masjala ya mahakama ya wilaya yao, na nikakaa naye mpaka akamaliza kuandika barua kwa mkono wake. Amepokewa, na anaanza Jumatatu. Baba yake hajanipigia simu tangu siku hiyo.